Kijani cha Robo Saa

Misumari minne ilibaki ukutani, na chini yake waya uliokatwa kwa kisu butu. Kipima hewa cha zahanati hakikuwepo.

Inspekta Kasyoka alishuka ngazi akikohoa. Ng'ambo ya reli, bomba la kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu lilikuwa likitapika moshi wake wa kila siku. Moshi ule ulimkera tangu ahamishiwe Voi, ila hakuna aliyewahi kumletea mtu wa kumkamata kwa ajili yake. Wizi, ndiyo, aliujua kifungu kwa kifungu.

Wendy, kijana aliyekifunga kipima hicho, alimngoja chini. Ndiye pia aliyetengeneza tovuti ya kuonyesha vipimo vyake: ramani ya mtaa na kitone kimoja kinachobadilika rangi kulingana na hewa. Kijani, pumua. Manjano, jihadhari. Nyekundu, kaa ndani.

"Leo ni siku ya themanini na moja, afande. Kamati ya mazingira inataka tisini mfululizo ndiyo isikilize kesi ya kiwanda. Ikipita siku nzima bila kipimo, tunaanza upya."

"Nani angefaidika?"

"Kiwanda. Nani mwingine?"

Kasyoka naye aliwaza hivyo, na kusema kweli alitamani iwe hivyo.

"Kilinyamaza saa ngapi?"

"Saa moja kasoro asubuhi. Kina betri ndogo ya akiba, kwa hivyo waya ulipokatwa kiliendelea kutuma kwa robo saa hivi." Wendy akamwonyesha simu. "Hapa ndipo sielewi. Siku zote hizi nyekundu. Hiyo robo saa ya mwisho, kijani."

Inspekta alikikodolea macho kile kitone. Kwa robo saa mwizi hangefika mbali, na mtaa mzima ulikuwa na hewa ile ile chafu.

"Nani hapa ana chumba kisichoingia moshi?"

Wendy alijibu kwa shingo upande. "Mzee Elijah, mlinzi wa zahanati. Mtoto wake ana pumu. Lakini afande, huyo ndiye aliyenishikia ngazi nikikipigilia."

Nyumba ya Elijah Mwakio ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo. Katika chumba cha ndani, dirisha lilizibwa kwa blanketi zilizoloweshwa maji, na kila upenyo ulishindiliwa matambara. Kasyoka alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi haikumkwaruza koo. Konstebo Lewis akainama, akatoa kipima hewa chini ya kitanda cha mtoto.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kiwanda kilikutuma?"

"Hao hawanijui hata jina."

"Basi kwa nini? Hiki kilikuwa kinampigania mtoto wako!"

Elijah aliketi kitandani, bado amevaa koti la lindo.

"Shanice ana miaka tisa, madam. Kila akiamka anachukua simu ya mamake. Nyekundu. Ananiuliza, 'Baba, si wamesema tukae ndani? Mbona naenda shule?' Nikamwambia tutahama. Tukaenda kwetu Kasigau, ndovu wakamaliza shamba lote, tukarudi hapa hapa. Jana akaniambia atakuwa anapumua kidogo kidogo, asimalize mapafu." Akakielekezea kidole kipima. "Moshi siuwezi, madam. Hicho kidude nilikiweza."

Kasyoka aliona uchungu, tena uchungu wa kweli. Uchungu huo haukuwa na kifungu cha sheria. Akamsomea haki zake, maana hizo alizijua kwa moyo.

Mlangoni Wendy alimzuia. "Nipe nikirudishe sasa hivi. Siku bado haijakatika."

"Ni kielelezo. Kitakaa kituoni mpaka mahakama iamue."

"Basi naifuta kesi ya wizi!"

"Si yako kufuta. Ni mali ya zahanati, na ripoti imeshaandikwa."

"Mpaka lini?"

"Miezi. Labda mwaka."

Wendy alifunika uso kwa mikono. Kasyoka alitamani kumwambia kwamba si yeye aliyeandika sheria, lakini hilo lingemsaidia nani?

Walipokuwa wakimpandisha Elijah garini, Shanice alitokea, begi la shule mgongoni. Baba yake alizificha pingu chini ya koti. Mtoto hakuziona, macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa vielelezo mkononi mwa inspekta.

"Anti, mmekitengeneza? Asubuhi kilikuwa kijani!" Kifua chake kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. "Nilikimbia mpaka shule bila kitambaa cha kuziba pua. Lakini nikaugua, mwalimu amenirudisha. Kitakuwa kijani tena lini?"

Ndani ya gari Elijah aliinamisha kichwa mpaka magotini. Inspekta Kasyoka alifungua mdomo amjibu mtoto, kikohozi kikamshika.