Kinasamaoni cha Pongwe

Saa nne asubuhi, mlango wa ofisi ulimkataa meneja wa maghala. Alibandika kiganja mara tatu, na mara tatu mlango ukamjibu kwa upole: "Wafanyakazi wako mia mbili na sita wamesema. Alama zako ni kumi na tisa. Asante kwa utumishi wako."

Karakana ililipuka kwa vigelegele. Kwa miaka sita mtu yule aliwanyima mafundi likizo za uzazi, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.

Mhandisi Mwanahawa Shemdoe alirukaruka kwa furaha. Kinasamaoni kilikuwa kazi ya mikono yake. Kila fundi wa kituo cha kurushia roketi cha Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga, alikinong'oneza habari za mkubwa wake kila alipomaliza zamu. Chombo kilibadili sauti, kikafuta jina, kikajumlisha. Meneja aliyeshuka chini ya alama arobaini alifungiwa milango papo hapo.

Wiki ya tatu tangu chombo kianze kazi, mlango ulimkataa Bi Hiari Mntambo, mkuu wa ukaguzi. Alama thelathini na moja. Hakubisha. Alivua kofia yake ya kazi, akaondoka bila kuaga mtu. Nafasi yake akapewa Bwana Senkoro, mcheshi aliyependwa na wote.

Siku nne baadaye, roketi ilikuwa tayari, na abiria sita wamekwisha kufungwa mikanda. Mwanahawa alikuwa akiwasomea wageni sifa za Senkoro kwa fahari: "Anatuamini. Hatusumbui. Tangu aje, hatujafungua valvu hata moja kuikagua."

Hapo akaacha kusoma. Haraka akafungua malalamiko ya Bi Hiari. "Ametufungulisha valvu ileile mara nne." "Amesimamisha safari kwa sababu ya tone moja." Yalikuwa malalamiko hamsini na nane, na arobaini na tisa yalikuwa ya namna hiyo. Chombo chake kilikuwa kimehesabu uchovu wa mafundi kama kosa la mkubwa wao!

Zilibaki dakika kumi na moja. Mwanahawa alitimua mbio mpaka chumba cha kuongozea, viatu mkononi.

"Bwana Senkoro, simamisha!"

"Kwa nini? Kompyuta inasema kila kitu ni salama."

"Valvu za oksijeni hazijafunguliwa kukaguliwa. Simamisha!"

Senkoro alijifuta jasho. "Mhandisi, vijana hawajapumzika tangu juzi. Nikisimamisha, jioni watanishusha alama. Si uliona yaliyompata Bi Hiari?"

Mwanahawa alimpita, akabonyeza kitufe chekundu mwenyewe.

Fundi Kombo ndiye aliyepanda kufungua valvu. Ya kwanza nzima, ya pili nzima, ya tatu nzima. Ya nne ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Abiria sita wakashuka ngazi mmoja mmoja, mafundi wakiwatazama.

Alasiri hiyo Mwanahawa alibisha hodi nyumbani kwa Bi Hiari, mtaa wa Chumbageni.

"Shikamoo, Bi Hiari."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Wote wazima?"

"Wote. Nimekuja kukuomba urudi. Kinasamaoni hakitamfungia mtu mlango tena. Kitasema, na watu watapima."

"Kwangu kilisema nini?"

"Mengi yalikuwa uchovu tu, mama."

"Na mengine?"

"Walisema ulimwita Kombo mjinga mbele ya wenzake. Siku hiyo alikuwa ametoka kumzika mama yake."

Bi Hiari aliketi polepole.

"Sikujua kama amefiwa."

"Mafundi wote walijua."

"Miaka kumi na minane nimekuwa mkubwa wao, na hakuna aliyewahi kuniambia neno." Akavuta mtandio wake, akasimama. "Kazini nitarudi. Lakini kwanza nipeleke kwa Kombo."