Vijiko Viwili vya Kikohozi

Mtoto alikutwa asubuhi amekufa kitandani, midomo imegeuka buluu. Miaka minne tu, jamani. Damu yake ilikutwa na mofini, ile dawa kali ya maumivu, na mama yake ni muuguzi wa wodi ya saratani, anashika mofini kila siku. Polisi gani angetaka ushahidi zaidi? Mama akatupwa mahabusu analia kwamba hakumpa kitu. Maziko ya mwanawe alisimuliwa tu.

Lakini Inspekta roho ilimsuta. Akamrudia mkemia maabara.

"Ilikuwa mofini peke yake?"

"Na kodeini, Afande. Ile ya dawa ya kikohozi. Ini lina vimeng'enya vinavyoigeuza kodeini kuwa mofini. Kwa wengi wetu, kidogo kidogo. La huyu mtoto lilikuwa na kasi ya ajabu, likageuza nyingi mno kwa mpigo."

"Kwa hiyo nani alimpa mofini?"

"Ini lake mwenyewe, masikini."

Inspekta akaenda moja kwa moja kwa bibi wa mtoto, mama mkwe wa muuguzi. Ndiye aliyelala na mtoto. Ndiye pia aliyeapa kituoni kwamba mkwewe ni muuaji.

"Bibi, mtoto alikuwa anakohoa?"

"Mno! Kifua kilimbana."

"Ukampa nini?"

"Dawa yangu ya kikohozi. Maji matupu ile! Mimi nanywa hata nusu chupa, hainigusi. Ndiyo maana nikampa vijiko viwili."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza habari za mofini, baba. Nani aliniuliza kikohozi?"

Inspekta akavuta kiti, akakaa.

"Ini lako haliwezi kuigeuza dawa ile, Bibi. Inakupita tu. La mjukuu wako liliigeuza ikawa sumu."

"Sema nielewe."

"Ni vile vijiko, Bibi."

"Yalaa!" Akajishika kichwa. "Nilitaka apate usingizi, mama yake akitoka zamu asimkute hoi. Mimi! Na nimemwita mwenzangu muuaji mbele ya watu, makaburini!"

Jioni muuguzi alitolewa mahabusu. Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya kituo, hataki kunyanyuliwa.

"Nifanye utakavyo, mwanangu."

Muuguzi alimtazama bila kumgusa.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye, Mama," akasema. "Aliniulizia?"

"Aliuliza unarudi saa ngapi. Nikamwambia alale, akiamka atakukuta."