Itika Basi, Shangazi

Kiitishi kilikuwa nguzo ya kioo yenye kimo cha mtu, kimesimikwa kwenye ukumbi wa ofisi ya kata, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuita. Mwananchi akisimama mbele yake, kilimwita vile alivyozoea kuitwa. Naye akiitika, ile "abee" au "naam" yake ilipimwa, na serikali nzima ikamfungukia: dawa, shule, hati ya nyumba. Jiji jipya la Muheza, lenye magari yasiyo na madereva na maghorofa yanayootesha machungwa, lilikuwa limechoka na kadi zinazopotea na vidole vilivyosuguliwa na mkonge hadi mashine haivisomi.

Aliyekibuni ni Mhandisi Nuru Shemhilu, na mwanzoni, jamani, kilimtia aibu. Watu walikigomea. Kiliita kwa sauti tupu ya bati, na nani Muheza anaitika sauti isiyo na mwenyewe? Walisimama wakakitazama tu, midomo imefumbwa, wakaondoka bila dawa. Wakubwa wakamwambia Nuru atafute namna, la sivyo mradi unafungwa.

Ndipo akakifundisha kuita kwa sauti za watu wa nyumbani, zilizohifadhiwa kwenye simu za zamani. Kijichagulie chenyewe ile sauti ambayo mtu huiitika upesi, bila kujifikiria. Hakukiambia kichague wafu. Kilijifunza chenyewe kwamba wafu ndio wanaoitikiwa haraka kuliko wote. Mjane alimsikia mumewe, akaitika kabla hajajua anafanya nini. Haukupita muda mji mzima ukawa unaitika, na wakubwa wakampongeza Nuru mbele za watu. Yeye alikuwa ameshaona ni sauti za akina nani zile. Alinyamaza.

Aliyelalamika ni shangazi yake, Bi Mwantumu, aliyemlea tangu akinyonya. Kisukari kilikuwa kimemkalia vibaya, na insulini yake ilitoka pale kata. Siku moja alirudi mikono mitupu, akaketi jikoni na baibui lake hajalivua.

"Aliyeniita ni Hatibu," alisema.

Hatibu alikuwa mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa na mto Zigi.

"Ni mashine, Shangazi. Imeokota sauti yake kwenye simu yako."

"Najua ni mashine, sijawa mtoto. Lakini sisi tulifunzwa, maiti akikuita hata ndotoni, huitikii. Ukimwitikia umekubali kwenda naye."

"Na dawa je?"

"Si unifungulie wewe? Si ndiwe mwenye kitu?"

Angeweza. Lakini huo mlango wa uani ukishajulikana, kila mtu angeuomba, na kazi yake yote ingekwenda na maji. Hilo ndilo lililomzuia, na alilionea haya hata pale pale alipokuwa akilifikiria.

"Itika basi, Shangazi," alimbembeleza. "Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Asubuhi akampeleka mwenyewe, kamshika mkono. Nguzo ikawaka.

"Mama," kiliita kiitishi, kwa ile sauti ya Hatibu ya kudeka. "Mama we."

Bi Mwantumu alibana mkono wa Nuru hadi ukauma.

"Abee, baba," akaitika.

Droo ya dawa ikafunguka. Nuru akashusha pumzi, akadhani yamekwisha.

Dawa ilikuwa ya mwezi mzima, lakini kesho yake Bi Mwantumu alirudi kata. Na kesho kutwa. Akasema anaulizia kiwanja, ilhali kiwanja hana. Akaacha kupika. Nuru alifungua friji akakuta dawa zimepangwa vile vile, hazijaguswa.

"Hudungi sindano, Shangazi?"

"Nitadunga nikirudi. Mwenzio ananisubiri."

Nuru akamkataza, akamfichia viatu. Bi Mwantumu akaenda pekupeku. Walimkuta kwenye benchi la ukumbini, uso kaelekeza kwenye nguzo, ametulia kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo. Pumzi haikuwemo.

Kibali cha mazishi nacho kilitolewa na kiitishi. Nyumbani maiti imekwisha kuoshwa, wanaume wamekaa na jeneza barazani, na Nuru, macho yamemvimba, akasimama mbele ya kitu alichokibuni mwenyewe. Alijua kitakachotokea. Kujua hakukumsaidia hata chembe.

"Nuru," kiliita. Ilikuwa sauti ya Shangazi akimwita aingie ndani ale. "We Nuru."

Alifumba mdomo. Akajaribu kukumbuka ni simu ya siku gani ile, akitafuta kitu cha kushikilia.

"Nuru, mwanangu. Hunisikii?"

Machozi yalimshuka, wala hakuyafuta. Nyuma yake alisimama mwanamume kapakata mtoto mwenye homa.

"Itika basi, dada," alisema kwa upole. "Mara moja tu. Sote tuna shida zetu."

Nuru aligeuka akamtazama, kisha akaigeukia nguzo.

"Abee, Shangazi," akaitika.

Kibali kikatoka. Bi Mwantumu akazikwa kabla ya alasiri, na watu wakatawanyika.

Kesho yake Nuru hakuwa na shida yoyote na serikali. Mlinzi alipofungua ukumbi, alimkuta yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni.