Jiwe la Karambu

Saa kumi kamili, kengele ya mwisho ilipolia, Karambu alikuwa tayari langoni na mtungi wake. Nyuma yake wenzake wa darasa la sita walijipanga mstari mmoja. Karambu alikuwa kiranja wa maji, na beji yake aliing'arisha kila asubuhi.

Alikuwa mgeni huku Mbeere. Alizaliwa Kibirichia, juu milimani kwenye viazi na baridi, akateremka huku bondeni baba yake alipopata kazi ya umeme bwawani. Kule kwao mto ni wa kuruka kwa hatua moja, na nyanya yake alimfundisha kuwa msichana mwenye bidii huchota maji kwa saa ile ile, mahali pale pale, bila kuzurura. Basi Karambu akachagua jiwe pana ukingoni mwa Mto Tana, na kila siku saa kumi na robo watoto wote walichotea hapo. Walimu walimsifu, naye sifa zikamkolea.

Ni Njura tu aliyenung'unika. Yeye alikuwa amezaliwa karibu na mto huo.

"Karambu, leo twende kule kwa mchanga," alisema siku ya nne ya kuchotea hapo. "Hapa tumezoea sana. Mamba anatusoma."

"Anatusoma? Kwani yeye ako darasa gani?"

Watoto wakaangua kicheko.

"Chekeni tu. Sisi hatuchoti mahali pamoja siku mbili. Na hatuinami, tunafunga kopo kwa mti mrefu."

"Huo ni uvivu," Karambu akamjibu.

Siku ya tano, Ijumaa, Karambu alipanda jiwe lake, akainama na kuzamisha mtungi. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mara Njura akaidaka sketi yake kwa mikono miwili, akamvuta, na wote wawili wakaanguka chali matopeni. Maji yakaruka juu. Taya zikaubana mtungi kwa kishindo, kisha zikazama nao.

Walikimbia hadi shuleni mikono mitupu.

"Maji yako wapi?" akauliza Mwalimu Gichovi.

Karambu angeweza kusema kwamba mtungi uliteleza, na pengine hakuna ambaye angembishia kiranja. Lakini alimtazama Njura, ambaye kiwiko chake kilikuwa kikitoka damu, akaona haya.

"Mwalimu, kosa ni langu. Njura alinionya, nikamcheka. Karibu nife, na kesho angekuwa mwingine." Akaivua beji. "Mpe yeye."

Mwalimu aliipokea, akaitia mfukoni. "Kesho mje na wazazi wenu," alisema, "na mapanga."

Jumamosi Njura alichagua mahali pa maji mafupi, ambapo mtu huona mbali pande zote. Baba zao wakakita majini nguzo za ua wa kumzuia mamba, huku wengine wakilinda kwa mawe na kelele. Lakini matawi ya miiba yaliyofungwa kwenye nguzo yalifumuka kila maji yalipoyasukuma, na wazee wakaanza kuguna.

"Hayafungwi hivyo," Karambu akasema kwa woga. "Kule kwetu tunayasuka. Ukiyafunga tu, nungunungu anapita na kumaliza viazi."

Akawaonyesha: tawi moja ndani, moja nje, shina juu, ncha chini. Kufikia saa nane ua ulikuwa umesimama, na hata mzee mmoja alipousukuma kwa mguu haukutikisika. Karambu na Njura waliutazama, vifua mbele.

Jumatatu watoto walichota ndani ya ua kwa makopo yenye mipini mirefu. Nje ya miiba mgongo mweusi ukaibuka, ukazunguka mara mbili, kisha ukaenda zake.

"Huyo amerudia darasa!" akapaza sauti Njura. Karambu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mwalimu Gichovi akatoa beji mbili, ya zamani na mpya.

"Mazoea yana taabu," alisema akiwabandika. "Tabia iliyomlea Karambu kule juu nusura immeze huku. Bidii ni njema, lakini ukifika kwa watu, waulize kwanza wanaishije. Na nyinyi wenyeji, mmeona? Mgeni naye hakuja mikono mitupu."

Jioni hiyo mapipa ya shule yalijaa, na watoto wote walirudi nyumbani.