Njiti ya Tatu

Jioni ile fundi alitoka mara moja tu, kumpelekea jirani yake mshona viatu koleo alilomtengenezea. Hatua ishirini kwenda, hatua ishirini kurudi. Hakufunga mlango wa karakana. Nani angeiba jiriwa, kibanio cha chuma chenye uzito wa ndama?

Mshona viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kisigino, alilifungua koleo na kulifunga hewani kama mdomo wa mamba.

"Linauma vizuri," alisema. "Linamshinda mwenyewe. Wewe siku hizi huumi wala hucheki."

"Nina kazi."

"Kazi! Umebaki kama kiatu cha mguu mmoja, fundi. Kizima, lakini nani akivae?" Kisha akaona uso wa mwenzake, akashusha sauti. "Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa. Jumapili tutakuja kwenye ibada ya mwaka wa marehemu, mimi na mke wangu. Binti atapiga gitaa la mama yake?"

"Hatapiga. Ni bovu."

"Na baba yake ni fundi."

Fundi alikwisha kugeuka.

Gitaa la marehemu mke wake halikuwa la kukumbatia. Lililala juu ya miguu minne kama meza nyembamba, naye alikaa nyuma yake, mkono wa kushoto ukiteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia ukizidonoa. Chini kulikuwa na pedeli. Ukikanyaga pedeli, chuma chembamba kilichofichwa tumboni mwa gitaa huvuta uzi, na sauti hupanda polepole, kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Vyuma hivyo ni vyembamba kama spoki za baiskeli. Mke wake aliviita njiti. Havikuuzwa popote walipopajua. Kila kilichokatika, fundi alikitengeneza kwa mikono yake, na kwenye ncha akakichonga hesi, yale mapindo ya kushikia nati.

Pedeli ya tatu ndiyo iliyowaliza watu kanisani. Na njiti ya pedeli ya tatu haikuwemo tena ndani ya gitaa.

Siku ya mazishi, kabla ya msumari wa kwanza, fundi aliomba aachwe peke yake na mkewe. Akatoa njiti ile mfukoni, akaiweka chini ya kiganja cha kushoto cha marehemu. Halafu akafunika jeneza. Hakutaka mtu mwingine yeyote aipandishe sauti ile duniani. Baadaye binti yake aliligusa gitaa, akakuta pedeli ya tatu ni bubu, akauliza.

"Imepotea," baba alimjibu.

Yeye, asiyepitisha asubuhi bila kufungua Biblia, alimdanganya mtoto wake wa pekee, tena matanga hayajaisha.

Asubuhi ya siku hiyo ninayoisimulia, binti alikuwa amemwomba tena. "Baba, njiti moja tu. Mama ulimtengenezea ngapi?"

"Gitaa limekufa na mama yako."

"Gitaa halifi, Baba," alisema binti, akikusanya vikombe. "Gitaa linanyamazishwa."

Maneno hayo yalikuwa yakimkereketa kooni hadi jioni, aliporudi kutoka kwa Kisigino na kuingia karakanani.

Kulikuwa na mtu ndani.

Amekaa kwenye kigoda kando ya jiriwa. Kigoda kile hakikuwa kimekaliwa mwaka mzima.

Alikuwa mwanamke. Mtandio wake umeshuka hadi puani, mikono ameificha mapajani. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu, lakini upindo wa gauni lake ulikuwa umelowa, na sakafuni kulikuwa na alama za tope zilizotoka mlangoni. Na harufu... Udongo mbichi. Mbao zilizorandwa karibuni. Karakana ile haikuwa na ubao hata mmoja mpya.

"Karibu, mama," fundi alisema. "Ila tunafunga."

"Hujafunga." Ilikuwa sauti ya kunong'ona, kavu, kama tupa inayopita juu ya bati.

"Kuna kazi gani?"

Mwanamke alinyoosha mkono. Juu ya kiganja kulikuwa na kitambaa cheupe kilichozungushiwa kitu chembamba.

"Imeliwa na kutu," alisema. "Nitengenezee nyingine. Kama hii hii."

Fundi alikifungua kitambaa. Kilikuwa chuma chekundu kwa kutu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Alisugua ncha yake kwa kidole gumba. Kila njiti aliyoitengeneza aliipigia alama za tupa, ili mkewe ajue ni ya pedeli ipi. Alama ya kwanza ikatokea. Ya pili.

Ya tatu ilikuwa imepinda.

Aliijua. Ilipinda siku ambayo mkewe alimwita ghafla, tupa ikiwa juu ya chuma. Hapakuwa na njiti nyingine ya namna ile juu ya uso wa dunia.

Wala haikupaswa kuwa juu ya uso wa dunia.

"Umeitoa wapi?"

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mwenye nayo. Anasema kimya kimezidi."

Fundi alitaka kumwita Kisigino. Ulimi uligoma. Akaanza Sala ya Bwana moyoni, akafika katikati, maneno yakamkimbia.

"Endelea," mwanamke alinong'ona. "Usiikatize. Hata mimi huisali."

Jasho jembamba likamtambaa mgongoni. "Nisipoitengeneza?"

"Nitarudi kesho. Na kesho kutwa. Na jioni moja nitakosea mlango, nimkute binti yuko peke yake."

Hapo mikono ya fundi ikaanza kazi kabla yeye mwenyewe hajakubali. Alichukua waya mgumu kutoka rafuni, akapima, akakata. Akalainisha ncha kwa tupa, akaibana njiti kwenye jiriwa. Ili afanye hivyo ilimbidi ampe mgeni mgongo.

Chuma chembamba hakitaki pupa. Unaikamata ile dai, kile kisahani chenye meno kinachochonga hesi, unaizungusha nusu mzunguko mbele, kisha unarudisha robo nyuma, ili unga wa chuma ukatike na kuanguka. Ukilazimisha mbele tu, njiti hujisokota ikakatika. Na kila mzunguko unataka tone la mafuta, kwa hiyo ni kazi ya mikono mitatu. Miaka kumi na tisa mkono wa tatu ulikuwa wa mke wake, amekaa kwenye kigoda kile na kopo la mafuta, akimhesabia. Maana fundi alikuwa na kasoro moja: hakujua kuacha. Alichonga hesi kupita kipimo, njiti ikadhoofika, na mkewe ndiye aliyekuwa akimzuia.

Aliizungusha dai mara ya kwanza.

Tap.

Tone la mafuta lilianguka juu ya chuma. Hakuwa ameomba.

"Mbele nusu," sauti ilisema nyuma yake. "Nyuma robo."

Haikuwa tena sauti ya tupa na bati.

Ilikuwa sauti ya mke wake.

Fundi hakugeuka. Nywele za kisogoni zilisimama moja moja. Akigeuka atamwona, au akigeuka hatamwona, na moyo wake haukuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili. Harufu ya mbao ilikuwa imeondoka. Badala yake ilikuja ile ya sabuni ya kufulia na nywele zilizopakwa mafuta.

"Mbele nusu. Nyuma robo. Usiwe na haraka, hakuna anayekufukuza."

Tap.

"Ile alama," fundi alisema. "Ulinipotosha wewe."

"Nilikuita chai inapoa."

"Na ikapoa."

"Ikapoa kweli! Ukainywa hivyo hivyo, unanitolea macho kama nimekupa dawa ya minyoo."

Fundi alicheka. Kicheko kilimtoka kifuani kama kizibo, na nyuma yake kicheko kingine kikakipokea, kile cha chinichini ambacho alidhani hatakisikia tena hadi siku ya ufufuo. Machozi yalimdondoka juu ya mkono. Alizungusha polepole. Polepole zaidi. Alifika kwenye kipimo, akakipita. Upana wa kidole kimoja. Vidole viwili.

"Imetosha, mume wangu."

"Bado kidogo."

"Imetosha."

"Kidogo tu, mama watoto. Nakuomba."

Tone la mwisho halikuanguka kwenye chuma. Lilianguka juu ya kifundo cha mkono wake, baridi kama maji ya mtungini, na likakaa pale kama kidole.

Halafu kimya.

Aligeuka. Kigoda kilikuwa kitupu, kopo la mafuta limesimama sakafuni kando yake. Akarudisha macho kwenye jiriwa. Ilikuwa imebanwa barabara, kama alivyoibana. Lakini ndani ya meno yake hapakuwa na kitu. Mezani ilibaki njiti ya zamani, juu ya kitambaa cheupe.

"Eh, fundi!" Kisigino alipita mlangoni na taa yake mkononi, anakwenda nyumbani. "Nani leo kakukumbusha meno yako? Nimewasikia mnacheka wawili."

Fundi alimpita mbio, karakana ikabaki wazi.

Kabla hajafika nyumbani aliisikia. Sauti ile. Ilianzia chini, ikapanda, ikasita pale pale ilipokuwa ikisita, kama mtu anayejizuia kulia. Binti alikuwa nyuma ya gitaa, mguu juu ya pedeli ya tatu, mashavu yameloa.

"Asante, Baba," alisema. "Yule mama uliyemtuma ameondoka sasa hivi. Ameifunga njiti mwenyewe."

"Amekugusa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Amesema nini?"

"Eti umechonga hesi ndefu mno. Eti, 'Mwambie baba yako hajui kuacha.'" Binti alijifuta pua. "Ni nani yule, Baba? Mbona miguu yake imelowa?"

Fundi alipiga magoti na tochi, akachungulia chini ya gitaa. Njiti mpya iling'aa kwa mafuta mabichi. Hesi zilipita kipimo kwa upana wa vidole viwili. Na kwenye ncha kulikuwa na alama tatu za tupa, ya tatu imepinda. Yeye hakuwa amepiga alama yoyote.

Alibaki amepiga magoti. Pale pale, uso ukielekea sakafuni, akasema, "Haikupotea, mwanangu. Nilimzika nayo. Nilikudanganya."

Binti aliweka mkono juu ya kichwa cha baba yake, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

Jumapili alipiga. Kanisa zima lililia, Kisigino kwa sauti kuliko wote, mkewe akimvuta koti. Walipotoka nje binti alimnong'oneza baba yake, "Pedeli ni nzito. Nikikanyaga, ni kama kuna mtu anavuta upande wa pili."

Alasiri fundi alikwenda makaburini peke yake, njiti ya zamani ndani ya koti. Aliona kwamba kilichotolewa kwa marehemu si cha kurudi nyumbani. Jua lilikuwa kali. Udongo wa kaburi ulikuwa mkavu, umepasuka, majani hayajaguswa. Hakuna aliyechimba pale, hata panya.

Lakini upande wa mkono wa kushoto wa marehemu palikuwa na tundu.

Jembamba kama spoki. Limenyooka kwenda chini. Ukingo wake uling'aa kwa mafuta.

Fundi alivua kofia. Aliingiza njiti, ikateleza bila kukwama, ikashuka, ikashuka, hadi ukabaki upana wa vidole viwili mkononi mwake. Hapo ikasimama.

Halafu ikavutwa.

Si kwa nguvu. Nusu mbele. Robo nyuma. Nusu mbele.

Aliishika. Mungu anajua jinsi alivyoishika, magoti vumbini, ncha ya chuma ikimkata ngozi. Alimwita mkewe kwa lile jina ambalo walilitumia wao wawili tu. Kutoka chini hapakuja jibu, ila ule mvuto mpole, unaosubiri.

"Imetosha," fundi alijiambia, kwa sauti.

Akaiachia.

Jioni binti alikuwa jikoni, anaosha vyombo vya wageni. Fundi alilifunika gitaa kwa shuka, kama walivyolifunika siku zote, akakaa kwenye kiti kilicholielekea. Alihisi amani ambayo hakuwa nayo kwa mwaka mzima. Alifungua Biblia.

Chini ya shuka, pedeli ya tatu ilishuka.

Ikapanda.

Ikashuka tena, polepole, kama chini ya mguu wa mtu aliye na muda mwingi. Uzi ukaguna. Fundi alihesabu moja, mbili, hadi kumi na tisa, kisha akafunga kitabu.

"Imetosha, mke wangu," alinong'ona.

Pedeli ilishuka tena.