Mfuko wa Mama Vumilia

Kila Ijumaa asubuhi Marsela alibandika gazeti la klabu ya habari kwenye ukuta wa shule yao, huko Rhotia. Na kila jioni alirudi nyumbani na Mama Vumilia, mpishi wa shule, mzaliwa wa Singida, mwenye hadithi zisizokwisha. Mama yake Marsela alifanya kazi katika hoteli ya watalii Ngorongoro, akija mara moja kwa mwezi. Nyumbani alikuwapo bibi tu, naye masikio yalikuwa mazito.

Sasa sikia Marsela alichokifanya. Alhamisi moja gazeti lilikosa habari, na wazazi walikuwa wakilalamika kwamba maharage ya makande yanapungua. Marsela akamwona Mama Vumilia akitoka jikoni na mfuko begani. Kanuni ya kwanza ya klabu, waliyoitunga wenyewe, ilisema anayetajwa aulizwe kwanza. Marsela aliona haya kuuliza. Akaandika: "Mpishi aonekana akibeba maharage ya shule."

Kesho yake, kufikia saa nne, shule nzima ilikuwa ikinong'ona. Mama Vumilia alisoma, akavua aproni, akaondoka. Jioni hiyo Marsela alitembea peke yake. Jumatatu hivyohivyo, na Jumanne. Njia ilikuwa ndefu ajabu.

Jumatano Mwalimu Isaya, mlezi wa klabu, alimweleza kwamba mfuko ule ulikuwa na majivu. Mama Vumilia alikuwa ameruhusiwa kuyachukua, ayachanganye na maharage yake ya mbegu yasibunguliwe na wadudu. Jamani! Hata bibi yake Marsela alihifadhi mbegu hivyohivyo.

Marsela aliita klabu, akajishtaki mwenyewe. Wenzake wakaamua masahihisho yabandikwe palepale, kwa herufi kubwa zilezile, yakiwa na jina lake. Lakini kwanza akamsomee mwenyewe aliyeumizwa.

Alimkuta Mama Vumilia mlangoni kwake akipepeta maharage. Akamwamkia, akamsomea masahihisho.

"Tunatembea pamoja kila siku, mwanangu," Mama Vumilia alisema. "Ungeniuliza tu, ningekufungulia mfuko."

Marsela akalia, akaomba radhi.

Ijumaa Mama Vumilia alirudi, na jiko lilifuka moshi tena. Mwalimu Isaya alisimama mbele ya masahihisho.

"Kanuni hii mliitunga wenyewe, kwa hiyo kuilinda ni kazi yenu," aliwaambia wanaklabu. "Ukiandika jina la mtu, umeshika heshima yake mkononi. Muulize kwanza."

Jioni Marsela alisubiri getini. Mama Vumilia akatoka na mfuko wa majivu. Akampa ashike upande mmoja, wakaondoka.