Maji Ndani ya Pamba ya Masele

Masele wa kijiji cha Sapiwi alikuwa anajiandaa kugombea uenyekiti wa kitongoji. Kila jioni majirani walikusanyika kumsikiliza, na yeye kwa maneno hakuwa mchezo.

"Siasa yangu ni moja tu," alisema. "Uadilifu! Kiongozi mwizi atupishe!"

Siku ya kuuza pamba, mke wake Nyamizi alimkuta uani ameshika ndoo. Alikuwa ananyunyizia pamba maji ili izidi uzito.

"Baba Shija, unafanya nini?"

"Kila mtu anafanya hivi. Siasa ni siasa, nyumbani ni nyumbani."

Nyamizi akaenda zake.

Kwenye kituo cha kununulia pamba, karani wa mzani alizamisha mkono ndani ya gunia la Masele. Akautoa umelowa, akalirudisha gunia. Foleni nzima ilimgeukia.

"Ni Masele huyu huyu wa uadilifu?" mama mmoja aliuliza kwa sauti.

Masele alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi shamba, Scola, mtaalamu wa kilimo wa pale kijijini, alimvuta kando.

"Baba, pamba yenye maji huota ukungu, na mbegu zake huoza. Ikichanganywa na ya wenzako, yote inaharibika, na kijiji kizima kinapata bei mbaya. Ianike juani ikauke. Kisha tenga pamba safi na pamba fifi, ile iliyochafuka."

"Nimeelewa. Lakini uenyekiti wangu sasa?"

"Unachodai kwa viongozi, unakiamini kweli? Basi kianzie uani kwako. Watu wanasikia unavyosema, lakini wanaona unavyoishi."

Maneno yale yalimchoma. Kwa siku tatu yeye na Nyamizi walianika pamba kwenye turubai, wakachambua majani na kokoto. Kisha, kwenye mkutano wa kitongoji, Masele akasimama.

"Ndugu zangu, nilitia maji. Nimekosa. Mkininyima kura, ni haki yenu."

Masele akasubiri kuzomewa. Badala yake akainuka Mayige, mzee anayegombea naye kiti kile kile.

"Mimi ya kwangu nimeitia mchanga," alisema. "Iko nyumbani, nimeshaifunga kwenye magunia."

Nyuma, mtu mwingine akanyoosha mkono. Halafu mwingine. Halafu yule mama wa kwenye foleni.

Wiki iliyofuata turubai zilitandazwa ua kwa ua, na karani hakurudisha gunia hata moja.